Msanii "aliyesahauliwa": nani alimsahau, na nani alizitunza kazi zake?

Msomaji mmoja ameniandikia:

"Mwalimu, shikamoo. Juzi niliingia kwenye nyumba moja ya sanaa nikakuta maonesho ya mama mmoja mchoraji, marehemu wa miaka mingi, ambaye jina lake sikuwahi kulisikia. Kazi zake hazina mtu wala mti. Ni miduara, mistari na rangi tu. Zilinishika, sijui kwa nini, nikajikuta nimekaa humo mpaka wanataka kufunga. Sasa, ukutani wameandika kwamba ni msanii mkubwa aliyesahauliwa na leo amegunduliwa upya. Hapo ndipo shaka iliponiingia. Kama alikuwa mkubwa, ilikuwaje asahauliwe? Au ni maneno ya biashara? Nauliza kwa sababu kuna mchoro wake mdogo wa karatasi unauzwa na nimeutamani. Nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia."

Marahaba. Umefunga maswali mawili kwenye fundo moja, kwa hiyo nianze kwa kulifungua. Kama mama huyo alikuwa mkubwa au la, hilo utalijibu kwa macho yako, na kwa kukaa humo mpaka saa ya kufunga umeshaanza kulijibu. Swali linaloweza kuchunguzwa kwa ushahidi ni lile jingine: nani hasa alimsahau, na muda wote huo kazi zake zilikuwa mikononi mwa nani? Maana picha haijitunzi. Karatasi huliwa na wadudu, turubai hushika ukungu, warithi hugombana, wapangaji huhama na kutupa kilichobaki stoo. Ukiona mchoro wa miaka sabini iliyopita umening'inia mbele yako ukiwa mzima, jua kuna mtu aliyeubeba miaka yote hiyo, akalipia chumba cha kuuweka, akaukinga na vumbi. Huyo hakusahau chochote. Maonesho uliyoyaona ni hatua ya mwisho ya kazi ya mtu huyo, na mara nyingi jina lake halipo ukutani.

Nikupe visa vitatu, kwa sababu huko "kusahauliwa" kuna namna zake, na kila namna inakuhitaji uulize swali tofauti.

Kisa kinachotajwa kuliko vyote ni cha Hilma af Klint wa Sweden. Alizaliwa 1862, akasoma Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Stockholm, akawa anajipatia riziki kwa kuchora mandhari na sura za watu. Pembeni ya kazi hiyo, yeye na wanawake wenzake wanne walikuwa na kikundi cha kuwasiliana na roho. Mwaka 1906 akaanza mfululizo wa picha alizokusudia zikae kwenye hekalu ambalo halikujengwa kamwe. Alipoufunga mfululizo huo 1915, ulikuwa na kazi 193. Kumi kati ya hizo, za mwaka 1907, zina kimo cha zaidi ya mita tatu kila moja: rangi ya tempera kwenye karatasi, maumbo yanayojikunja kama maua yasiyotaka kuwa maua, herufi zisizosomeka, waridi na machungwa na samawati kwa ukubwa ambao wakati huo haukuwa na mfano. Mchoraji Wassily Kandinsky, ambaye vitabu vilimpa cheo cha baba wa sanaa dhahania (ile isiyo na mtu wala mti, maumbo na rangi tu), alidai mwenyewe kwamba picha yake ya kwanza ya aina hiyo ni ya 1911.

Af Klint alipofariki 1944 aliacha kazi zaidi ya 1,200 na kurasa za madaftari takriban 26,000. Vyote vikaenda kwa mtoto wa kaka yake, Erik, ofisa wa jeshi la majini, pamoja na agizo kwamba kazi hizo zisioneshwe mpaka ipite miaka 20 tangu kifo chake. Kwa hiyo kwa miongo miwili ya mwanzo huwezi kumlaumu mtu: ni yeye aliyefunga mlango. Lawama inaanza baadaye. Mwaka 1970 kazi hizo zilipelekwa kwa Moderna Museet, jumba la sanaa ya kisasa la Stockholm, zitolewe bure. Zikakataliwa. Miaka miwili baadaye zikawekwa chini ya wakfu, zikabaki stoo. Mwaka 1986 chache zikatundikwa Los Angeles katika maonesho makubwa kuhusu mambo ya kiroho katika sanaa dhahania. Wataalamu wakaguna, wakapita. Hata mwishoni mwa 2012, Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilipofungua maonesho juu ya kuzaliwa kwa sanaa dhahania, hakuwemo. Kisha 2013 Moderna Museet, jumba lile lile lililokataa zawadi, likamfanyia maonesho makubwa yaliyozunguka Ulaya, na yale ya Guggenheim, New York, ya 2018 hadi 2019, yakavuta watu zaidi ya 600,000, wengi kuliko maonesho yoyote yaliyowahi kufanyika katika jumba hilo.

Angalia sasa hoja yako ya biashara inavyokwama hapa. Kazi zake kuu ni mali ya wakfu, hazipelekwi mnadani. Hakuna mwenye duka aliyengojea bei ipande. Kilichobadilika kati ya 1970 na 2013 si picha, ni wasimamizi wa majumba: kizazi kilichoona aibu kwa mwanamke anayezungumza na roho kilistaafu, kikaja kingine kilichoona ajabu kwamba Kandinsky na mchoraji mwenzake wa dhahania, Mondrian, nao walizama katika imani kama hizo na hakuna aliyewanyima ukuta.

Na hadithi yenyewe haijatulia. Watafiti sasa wanasema baadhi ya picha za mwanzo za mfululizo ule zilipita pia mikononi mwa rafiki yake Anna Cassel, ambaye jina lake halikuwa kwenye bango lolote. Nakwambia hili ili usishangae sana ukisoma "wa kwanza" mahali popote. Hata kabla af Klint hajatimiza miaka kumi, London ilikuwa imeshaona maonesho ya Georgiana Houghton, mwanamke aliyechora mizunguko ya rangi za maji akisema mkono wake unaongozwa na roho. Alikodi ukumbi mwenyewe 1871, akaonesha michoro 155, akala hasara iliyokaribia kumfilisi. Naye alirudishwa London 2016, katika jumba la Courtauld. Mbio za nani alitangulia zinauza magazeti. Mimi zimenichosha.

Kisa cha pili kiko karibu zaidi na moyo wangu, na nitakaa nacho kidogo.

Mwaka 1936 Alfred Barr, mkurugenzi wa kwanza wa lile Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, aliandaa maonesho ya kubizimu (mtindo wa kuvunja vitu kuwa vipande vyenye pembe) na sanaa dhahania. Kwa ajili ya jalada la kitabu cha maonesho alichora ramani ya mishale, ambayo walimu wa sanaa wameinakili ubaoni hadi leo. Juu ni 1890, chini ni 1935. Mishale inaanzia kwa Cézanne, van Gogh, Gauguin na wenzao, inapita makundi ya Paris, Munich na Moscow, inashuka mpaka njia mbili: dhahania ya kijiometri na isiyo ya kijiometri. Pembeni kuna visanduku vya rangi nyekundu, vya vitu vilivyochangia kutoka nje: michapo ya Japani, sanaa ya Mashariki ya Karibu, uzuri wa mashine, na uchongaji wa watu weusi. Isome tena taratibu. Mzungu ameingia kwa jina lake. Mwafrika ameingia kama malighafi, kwenye safu moja na mashine.

Mwaka huohuo, huko Afrika Kusini, kulikuwa na mchongaji wa miaka 32 aitwaye Ernest Mancoba. Alikuwa amesoma na kujifunza kuchonga katika chuo cha misheni cha Grace Dieu, na mwaka 1929 alichonga kwa mbao Bikira Maria mwenye sura ya Kiafrika. Serikali ilikuwa inajiandaa kwa Maonesho ya Dola ya Uingereza ya 1936, ikamtafutia kazi: atengeneze vinyago vya kuwauzia wageni. Akakataa. Mwaka 1938 aliondoka Afrika Kusini, akafika Paris. Wajerumani walipoiteka Ufaransa walimkamata kwa kuwa alihesabika raia wa Uingereza, wakamweka kambini Saint-Denis, na humo kambini, mwaka 1942, akafunga ndoa na Sonja Ferlov, mchongaji kutoka Denmark. Baada ya vita wakahamia Denmark. Mwaka 1948 akaonesha kazi Copenhagen pamoja na wasanii waliokuwa ndio kwanza wanaunda CoBrA, kundi lililochukua herufi zake kutoka Copenhagen, Brussels na Amsterdam. Fungua historia nyingi za kundi hilo zilizoandikwa katika miongo iliyofuata: wenzake wamo, yeye hayumo, au ametajwa kwa mstari mmoja. Uzeeni alisema kwamba baadhi yao walimwona kana kwamba haonekani, au kama mume tu wa msanii wa Kizungu.

Nyumbani nako? Mwaka 1949 Afrika Kusini ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na wasio Wazungu. Angerudi na mkewe vipi? Alirudi kwa mara ya kwanza 1994, akiwa mtu wa miaka 90 hivi, mkewe ameshatangulia miaka kumi nyuma, wakati jumba la sanaa la Johannesburg lilipowafanyia maonesho ya pamoja baada ya utafiti wa mwanahistoria Elza Miles. Alifariki 2002. Centre Pompidou ya Paris, mji ambao aliishi ndani au pembeni yake sehemu kubwa ya maisha yake, ilimfanyia maonesho yake mwaka 2019.

Ukibahatika kuziona kazi zake za baadaye, sogea. Katikati ya turubai kuna umbo limesimama wima, limefumwa kwa mipigo mifupi ya brashi, mingine ya manjano, mingine ya buluu, na nyeupe ya chini imeachwa wazi kati ya mpigo na mpigo. Ukiwa mbali unaona mtu, pengine kinyago, pengine mkusanyiko wa watu. Ukikaribia linasambaratika, haibaki ila mikwaruzo. Rudi nyuma, linarudi. Alilichora umbo hilo kwa miongo mingi, likizidi kupungua mwili. Mtu aliyeambiwa kwamba sanaa ya kwao ni kisanduku chekundu cha malighafi alitumia maisha yake kuifanya iwe fikra hai, kwa jina lake.

Kwa Mancoba hakuna aliyesahau, basi. Sheria ilimtoa upande mmoja, ramani ya mishale ikamtoa upande wa pili. Ukikutana na maonesho ya mtu wa aina hii, usiulize kwa nini alipotea. Uliza nani aliyeandika orodha ambayo jina lake halikuwemo.

Kisa cha tatu nitakipitia haraka. Carmen Herrera, mzaliwa wa Havana wa 1915, aliyewahi kusoma usanifu majengo, aliishi Paris kuanzia 1948 na akaonesha huko katika mikusanyiko ya wasanii wa dhahania, kisha akarejea New York 1954. Picha zake ni za ukali wa kisu: rangi mbili, ukingo ulionyooka, hakuna cha kupunguza. Alisimulia kwamba mwenye nyumba moja ya sanaa, mwanamke, alimwambia wazi kuwa anawazidi wengi wa kiume aliokuwa nao lakini hatampa ukuta kwa sababu ni mwanamke. Aliuza mchoro wake wa kwanza 2004, akiwa na miaka 89. Na hata hapo ilikuwa bahati: mchoraji mmoja alijitoa kwenye maonesho ya kundi, rafiki na jirani yake akalitaja jina lake kwa mwenye ukumbi. Mwaka 2016 jumba la Whitney likamfanyia maonesho makubwa, naye akafariki 2022 ameshatimiza miaka 106. Magazeti yalipenda kuandika kwamba aligunduliwa akiwa bibi kizee. Lakini alikuwa ameshaoneshwa New York mwaka 1984, na tena 1998 katika El Museo del Barrio. Watu waliziona picha zake. Walioziona hawakuwa na fedha wala kalamu za kubadilisha mambo. Na miaka yote hiyo, mumewe, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa akilipa kodi ya nyumba. Huyo ndiye mtunzaji wa kisa hiki.

Sasa nije kwenye biashara, kwa sababu hukukosea kuifikiria.

Nyumba ya sanaa inapochukua mirathi ya msanii asiyejulikana, hesabu zake si ngumu kuzielewa. Msanii mwenye jina kazi zake ni ghali na zimetawanyika kwa wamiliki wengi. Asiye na jina kazi zake ziko pamoja, kwa mrithi mmoja, bei iko chini. Nyumba inaingia mkataba na familia, inasafisha na kukarabati picha, inamlipa mwandishi atunge kitabu, inafanya maonesho, inaazima kazi moja au mbili kwa jumba la umma. Jumba likishaonesha, bei inapanda, na zilizobaki stoo zinapanda pamoja nayo. Hii si dhambi. Kazi ya kusafisha, kupiga picha na kuorodhesha mamia ya michoro inagharimu, na serikali chache sana zinailipia. Shida inakuja pale biashara inapotangulia utafiti: hadithi imekamilika, orodha haipo.

Kwa hiyo ukirudi pale, na nakushauri urudi, zisome lebo ndogo kwanza. Yale maelezo makubwa ya ukutani yaache yangoje. Je, kuna kazi zilizoandikwa kuwa zimeazimwa kutoka jumba la umma au kwa mtu mwingine? Nyumba isingejisumbua kuazima kitu isichoweza kuuza kama haikuwa na nia ya kueleza maisha mazima ya msanii. Je, tarehe zimetawanyika katika umri wake wote, au zote ni za miaka mitatu iliyopendeza sokoni? Je, kuna kazi dhaifu? Mimi nikiona maonesho ya marehemu yasiyo na hata picha moja iliyomshinda, najua nimeoneshwa kabati la vioo la dukani, sijaoneshwa msanii. Na kitabu cha maonesho: mwandishi ni mtu anayelijua eneo hilo kwa kazi yake mwenyewe, au ni sifa tupu zisizo na tarehe?

Kisha omba, kwa adabu, kuoneshwa mgongo wa picha moja. Wengi hawajui kwamba hili linaruhusiwa. Mbele msanii anakuonesha alichotaka. Nyuma picha inakuonesha ilikopita. Utakuta mwandiko wa penseli wenye jina na mwaka, pengine mshale mdogo unaoonesha upande wa juu (kwa picha za dhahania mshale huo umeokoa aibu nyingi). Utakuta lebo ya maonesho ya zamani imepauka, namba ya ghala, muhuri wa mirathi. Utaona kama turubai imebanwa kwa vimisumari vilivyoshika kutu au kwa pini za stepla, ambazo wachoraji wamezizoea zaidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mbao za fremu ya ndani hubadilika rangi kadiri zinavyozeeka, na mahali lebo ilipobanduka hubaki paupe.

Lakini lebo nazo hudanganya. Mjerumani Wolfgang Beltracchi alichagua kwa makusudi picha zilizotajwa kwenye orodha za zamani kwa jina tu, bila picha, zikidhaniwa zimepotea, akazichora yeye. Akabandika nyuma lebo za kughushi zenye jina la Flechtheim, muuza sanaa aliyekuwapo kweli, na mkewe akavaa nguo za kale akapigwa picha ya kujifanya bibi yake mwenyewe, nyuma yake zikining'inia hizo picha za "urithi". Mojawapo, iliyodaiwa kuwa ya Heinrich Campendonk ya 1914, iliuzwa mnadani 2006 kwa zaidi ya euro milioni 2.8. Iliangushwa na maabara: ndani yake kulikuwa na nyeupe ya titani, rangi ambayo mwaka 1914 wachoraji hawakuwa nayo. Mwaka 2011 alihukumiwa miaka sita jela. Mlango wake ulikuwa pengo katika orodha. Msanii aliyesahauliwa ana mapengo mengi kuliko msanii maarufu, na ndiyo maana orodha kamili ya kazi zake, kila moja ikiwa na namba, vipimo, picha na historia ya umiliki, ina thamani kuliko maneno yote yaliyopakwa ukutani.

Umesema zilikushika, hujui kwa nini. Usiharakishe kupata sababu, ila unaweza kuwapa macho kazi. Tafuta picha tatu zilizopishana miaka kumi kumi, uzitazame moja baada ya nyingine, uone kama kuna jambo alilokuwa analifukuza. Mtu anayechora miduara kwa sababu miduara inapendeza atakuwa palepale miaka thelathini. Anayefukuza jambo utaona anaacha kitu, anakirudia, anakipunguza. Halafu tazama kingo. Katika picha kadhaa za Herrera za mfululizo wa nyeupe na kijani, wa miaka ya 1959 hadi 1971, kijani hakikomi usoni. Kinapinda na kuingia ubavuni mwa turubai, ukisimama pembeni ndipo unapogundua kwamba unatazama kitu chenye unene, karibu jengo. Picha ya simu haikuonyeshi hilo hata kidogo. Ndiyo sababu naendelea kuwaambia watu waende wenyewe.

Kuna na majeraha. Saloua Raouda Choucair wa Beirut, aliyezaliwa 1916, alifanyiwa maonesho na Tate Modern ya London mwaka 2013, wakati huo akiwa ajuza aliyeshikwa na maradhi ya usahaulifu. Mojawapo ya picha zake za mwanzo ilitundikwa ikiwa na matundu na vipande vya kioo: bomu lilivunja dirisha la nyumba wakati wa vita vya Lebanoni na vioo vikachoma turubai. Hawakuuficha mkasa huo kwa rangi mpya. Picha iliyokarabatiwa hadi inang'aa kama ya jana huniacha na maswali; ile iliyobaki na alama zake inakueleza ilikuwa wapi watu walipokuwa wanamsahau mwenyewe.

Tuje kwenye mchoro wako wa karatasi. Uliza mambo haya kabla ya kutaja bei. Je, una namba katika orodha ya mirathi, na orodha hiyo iko mikononi mwa nani? Je, umetiwa saini na msanii mwenyewe, au umegongwa muhuri na warithi baada ya kifo? Vyote viwili ni halali, lakini si kitu kimoja, na bei haistahili kuwa moja. Ni mchoro wa mkono au ni chapa, na kama ni chapa, ilichapwa yeye akiwa hai? Kisha omba utolewe kwenye fremu. Karatasi iliyogundishwa kwenye kadi ya bei rahisi hugeuka kahawia kuanzia pembezoni, kwa sababu asidi ya kadi huihamia. Na madoa madogo ya rangi ya kutu ni dalili ya unyevu. Linganisha rangi ya sehemu iliyofunikwa na fremu na iliyokuwa wazi: zikipishana sana, ujue uliwahi kukaa juani, na rangi iliyoondoka na jua hairudi. Kasoro hizi hazikuzuii kununua. Zinakupa nguvu ya kuzungumza bei, na zinakueleza utautundikaje: mbali na dirisha, nyuma ya kioo kinachozuia miali ya jua, juu ya kadi isiyo na asidi.

Majibu yote yaandikwe kwenye risiti: jina la msanii, mwaka, vipimo, namba ya orodha, na ulitoka kwa nani. Ukiambiwa orodha bado inatayarishwa, hilo linawezekana kabisa. Sema utangoja, uache jina lako. Nyumba iliyo makini itakukumbuka na itakutafuta. Ukiambiwa kuna mnunuzi mwingine anakuja leo jioni, mwachie.

Ukishaununua, nao ukawa wako, hifadhi risiti hiyo pamoja na kitabu cha maonesho, na uandike kwa penseli laini kwenye karatasi ya pembeni (si nyuma ya mchoro) siku na mahali ulipoupata. Halafu wajulishe wenye orodha kwamba uko kwako, maana kuanzia siku hiyo mtunzaji wa kazi hiyo ni wewe.